Chui ndani ya mashua: kwa nini fumbo hukushinda na akili unazo

Ndege kumi wametua juu ya mti. Mwindaji kapiga risasi, kamwangusha mmoja. Wamebaki wangapi mtini?

Mtoto wa darasa la pili atasema tisa, na kaka zake watamcheka: hakuna hata mmoja, wote wameruka kwa mlio wa bunduki. Haya. Sasa mpe mtoto huyohuyo fumbo la pili. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani. Anataka kuvuka mto kwa mashua inayombeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Atavusha vipi vyote salama? Mtoto wetu, ambaye ameshajifunza kwa ndege, anafikiri kidogo kisha anauliza: kwani chui anakubali vipi kukaa mashuani na mtu? Anachekwa tena.

Ukimtendea haki, mtoto huyu hajakosea popote. Mara ya kwanza alifanya hesabu kama alivyofundishwa, akaambiwa atazame dunia ilivyo. Mara ya pili akaitazama dunia ilivyo, akaambiwa afanye hesabu. Hakuna aliyemdokeza kwamba sharti limebadilika katikati.

Naanzia hapo kwa sababu watu wakishindwa na fumbo hujihukumu upesi: mimi kichwa changu kizito, mimi hesabu sikujaliwa. Mara nyingi kichwa hakina kosa. Kilichowaponyoka ni makubaliano. Kila fumbo lina makubaliano ya kimyakimya kati ya anayetega na anayetegua kuhusu kipi kiletwe kutoka nje na kipi kiachwe mlangoni, na makubaliano hayo hutofautiana kutoka fumbo moja hadi jingine. Siku hizi vyote tunaviita "chemsha bongo", kitendawili cha bibi, swali la hesabu la gazetini na ile picha ya ndizi na matofaa inayozunguka WhatsApp, kana kwamba ni mnyama mmoja. Tuwatenganishe.

Kinachobaki baada ya kupokonywa

"Kitendawili!" anasema mtegaji. "Tega!" wanaitikia wenzake. Maneno yenyewe yamebeba mchezo mzima. Kutega ni kazi ya mwenye mtego, na kutegua ni kuuondoa mtego ule kabla haujamnasa mtu. Anayejibu kitendawili hatafuti kitu kilichofichwa mbali. Anatazama mtego ulio mbele yake, aone umefungwa wapi.

Chukua kile ambacho karibu kila mtoto hutegewa mwanzo: nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai. Kitazame kilivyoundwa. Neno "nyumba" linakupa picha nzima, kuta, paa na wakazi ndani. "Haina mlango" linakupokonya kipande kimoja cha picha hiyo, tena kipande ambacho nyumba haiwezi kukikosa. Ukiendelea kushikilia nyumba ya udongo na bati utakwama, maana nyumba ya namna hiyo haijawahi kujengwa. Inabidi uiache nyumba, ubaki na kazi yake: kitu kinachokifunika kiumbe pande zote, na hakina pa kutokea.

Ukishauona muundo huo utauona kila mahali. Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni: njia. Ajenga ingawa hana mikono: ndege. Nameza lakini sishibi: mate. Nusu ya kwanza inakupa, nusu ya pili inakupokonya, na jibu liko katika kile kinachobaki. Kwa hiyo anayetaka kutegua asihangaike sana na kamba wala nyumba. Aitafute ile "lakini", ile "ingawa", ule ukanushi mdogo mwishoni mwa kitenzi. Mtegaji angependa kuuficha lakini hawezi, kwa sababu akiuondoa kitendawili kinakufa. Kamba yangu ndefu, basi, ni nini? Ni kitu chochote kirefu duniani.

Pale ambapo hakuna ukanushi, tazama idadi. Popoo mbili zavuka mto: macho. Yanafika ng'ambo bila mtumbwi na bila kulowa, na neno "mbili" ndilo lililokuwa likikuelekeza kwenye mwili wako mwenyewe muda wote. Nyumba yangu ina nguzo moja: uyoga. Katika kitendawili namba haiwekwi kwa mapambo.

Vipo pia visivyo na mlango kabisa. Blanketi la babu lina chawa, na jibu ni mbingu na nyota zake. Mtu akiniambia ipo njia ya kutoka kwenye chawa hadi kwenye nyota kwa kufuata hoja hatua kwa hatua, simwamini. Hapa huhesabu wala huchambui. Unaona au huoni. Na usipoona usijilaumu, kwa sababu aliyekitunga hakutegemea mantiki yako. Alitegemea kwamba nyinyi wawili mmewahi kulalia blanketi la namna moja na kutazama anga la namna moja.

Hilo ndilo sharti kubwa la kitendawili, maisha ya pamoja. Mzungu katoka Ulaya, mkono kiunoni: kikombe. Nadhani aliyekitunga alikuwa amemwona Mzungu amesimama hivyo akitoa amri, na aliona kikombe chenye mkono kuwa ni kitu cha kuletwa kwa meli. Mtoto wa leo anayekunywea maziwa katika kikombe cha plastiki kutoka duka la mtaani kwao, na Wazungu anaowajua ni wachezaji wa mpira kwenye runinga, hana pa kuanzia. Atakariri jibu tu. Na tukisema kweli, wengi wetu tulikariri. Katika kikao cha vitendawili anayejibu haraka mara nyingi ni yule aliyewahi kukisikia, na hakuna aibu katika hilo, kwa kuwa mchezo ulikuwa pia njia ya kurithishana vitu hivyo. Lakini tusichanganye kukumbuka na kutegua.

Sharti la pili ni kwamba jibu ni la mtegaji. Hakamatiki wala hashikiki. Mmoja atasema moshi, mwingine upepo, mwingine kivuli, na hakuna kati yao aliyekosea kimantiki. Lakini mtegaji ana lake, na ndilo litakalopita. Barazani hilo halina shida, watu hubishana wakacheka wakaendelea na kingine. Ninachokilalamikia ni mtihani wa shule. Kumwekea mtoto alama ya kosa kwa sababu kasema moshi pale kitabu kinapotaka kivuli ni kumwonea, kwani umemhukumu kwa makubaliano ambayo hakuwepo yakifungwa.

Fumbo lenyewe, kwa maana yake ya zamani, ni jambo jingine tena. Kufumba ni kufunga, kama unavyofumba macho au mkono, na maneno ya fumbo hufungwa makusudi ili wengine wasielewe. Ndiyo kazi ya maandishi ya kanga anapoyavaa mwanamke akapita nayo mbele ya mlango fulani: mlengwa ataelewa, wapita njia wataona nguo nzuri. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Hapa mtunzi hataki kila mtu aligangue. Anataka uligangue wewe tu.

Kurudi nyuma ili uvuke

Sasa turudi kwa chui, maana huku ndiko kwenye chemsha bongo yenyewe, lile swali ambalo jibu lake halihitaji ruhusa ya aliyeuliza. Ukilipata unaweza kulithibitisha mbele ya mtu yeyote, hata aliyekutegea akiwa amekwenda zake.

Fumbo hili lina umri. Mkusanyiko wa maswali ya Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, msomi aliyefariki mwaka 804, unalo, ila kwao wanaovushwa ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Jina la mkusanyiko ule, kwa Kiswahili chetu, ni kama kusema "maswali ya kunoa vijana". Mwaka 1990 mwanahisabati wa Marekani, Marcia Ascher, alichapisha makala akilinganisha namna linavyosimuliwa Ulaya na Afrika. Kabichi ya Alcuin kwetu ni majani, mbwa mwitu ni chui au fisi, lakini mto ni uleule.

Suluhisho ni safari 7. Mvushe mbuzi, kwa kuwa chui na majani hawana ugomvi. Rudi mtupu. Mvushe chui. Rudi na mbuzi. Vusha majani. Rudi mtupu. Mvushe mbuzi.

Watu hukwama safari ya nne. Nimewatazama wengi, watoto na watu wazima, na karibu wote hufika pale wakaanza kusema haiwezekani. Wameshavusha mbuzi, wameshavusha chui, vitu viwili kati ya vitatu viko ng'ambo, halafu mtu umrudishe mbuzi uliyekwisha kumvusha? Kila hatua nyingine inakusogeza mbele, ila hii inakurudisha nyuma, na akili inaikataa kabla hata ya kuichunguza. Hakuna aliyesema kurudi na mzigo ni marufuku. Sharti hilo mwenye kuvuka kajiwekea mwenyewe.

Ukilitazama kwa jicho la hesabu, fumbo ni dogo ajabu. Mtu, chui, mbuzi na majani, kila kimoja kiko ama upande huu ama upande ule, hivyo kuna mipangilio 16 tu. Ondoa ile ambayo kuna mmoja analiwa, inabaki 10. Yaani mto mzima ambao umewasumbua watu kwa zaidi ya miaka elfu moja una vituo kumi, na ukiviandika kwenye karatasi na kuviunganisha kwa mistari, njia inajionyesha yenyewe. Ugumu haumo kwenye fumbo, umo katika kutopenda kwetu kituo kimoja.

Na jaribu kulegeza sharti moja: mashua ibebe vitu viwili pamoja na mtu. Sasa safari ni 3, na fumbo karibu limekwisha. Vusha chui na majani, rudi mtupu, umchukue mbuzi. Hapa mbuzi hana haja ya kurudi.

Vipi yule mtoto aliyeuliza chui anakubali vipi kukaa mashuani? Swali lake lina ukoo mkubwa. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia Alexander Luria alikwenda Uzbekistan kuwauliza wakulima wasiosoma maswali ya mantiki. Moja lilikuwa hivi: kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walikataa kujibu. Hawajafika huko, walisema, na mtu husema alichokiona. Zamani wako waliolisoma jibu hilo kama upungufu wa akili. Mimi nasoma humo busara ya mtu asiyetoa ushahidi wa asichokijua. Walichokosa ni mazoea ya shule, ule mchezo wa kukubali sentensi ya mwalimu kana kwamba ni dunia nzima na kufikiri ndani yake tu. Chemsha bongo inadai mchezo huo. Ndege kumi wa mtini wanadai kinyume chake. Ndiyo maana swali la ndege limekuwa maarufu kwa watoto wa shule: linawanasa wale waliokwisha kujifunza kuiacha dunia nje.

Sharti ulilojiwekea mwenyewe

Chora nukta tisa, safu tatu za nukta tatutatu, zikae kama mraba. Ziunganishe zote kwa mistari minne iliyonyooka bila kuinua kalamu. Huwezi, mpaka mistari itokeze nje ya mraba na kukata kona huko nje. Watu husema mkwamo unatokana na kujifungia ndani ya mraba ambao haujachorwa, na fumbo hili limekuwa hubiri la kila semina ya biashara: toka nje ya mipaka! Lakini mwaka 1981 Robert Weisberg na Joseph Alba waliwaambia watu waziwazi kwamba wanaruhusiwa kutoka nje ya mraba, na wengi bado walishindwa. Kuondoa kizuizi ni jambo moja, kujua uende wapi baada ya hapo ni jambo la pili. Wahubiri wa semina hawalisemi hilo la pili.

Wakati mwingine kinachokufunga ni ushindi wako wa jana. Mwaka 1942 Abraham Luchins aliwapa watu maswali ya kupima maji. Tuseme una pipa la lita 127, ndoo ya lita 21 na jagi la lita 3, unataka lita 100. Unajaza pipa, unachota ndoo moja, kisha jagi mara mbili: 127 toa 21 toa 3 toa 3. Aliwapa maswali kadhaa yanayofuata njia hiyohiyo, kisha akawaletea hili: chombo cha 23, cha 49 na cha 3, tupate 20. Wengi wakafuata njia ileile: 49 toa 23 toa 3 toa 3, ndiyo 20. Sahihi. Ila 23 toa 3 pia ni 20. Wale ambao hawakupitishwa katika mazoezi ya kwanza waliiona njia fupi papo hapo. Mazoezi yaliwafanya wenzao wawe wepesi wa njia moja na vipofu wa nyingine, jambo ambalo kila fundi mzoefu aliyewahi kusahihishwa na mwanagenzi wake analijua vizuri.

Kisha yapo maswali yasiyokufunga popote, yanakuachia mlango wazi ila ni mlango usio sahihi. Daftari na kalamu vimegharimu shilingi 1,100. Daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni bei gani?

Umesema 100. Usijali, kila mtu husema 100, angalau moyoni. Lakini kalamu ikiwa 100, daftari ni 1,100, na jumla ni 1,200. Kalamu ni shilingi 50. Swali hili, kwa bidhaa nyingine na kwa dola, ni la Shane Frederick, aliyelichapisha mwaka 2005 pamoja na mengine mawili. Kati ya watu 3,428 aliowajaribu, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya Marekani, waliopata yote matatu walikuwa asilimia 17. Hata pale MIT, chuo kikuu mashuhuri cha teknolojia, hawakufika nusu. Hesabu yenyewe haimshindi muuza genge yeyote. Kinachoponza ni kwamba jibu la kwanza linakuja likiwa limevaa vizuri, 1,100 imejigawa yenyewe kuwa 1,000 na 100, na hakuna anayemwomba mgeni wa namna hiyo kitambulisho.

Jingine kati ya yale matatu ukilihamishia Ziwa Victoria linaeleweka bila maelezo mengi, kwani wavuvi wa huko gugu maji wanalijua kwa mateso. Gugu limeingia kwenye ghuba, kila siku eneo lake linaongezeka maradufu, na siku ya 48 limeifunika ghuba yote. Nusu ya ghuba lilifunika siku ya ngapi? Akili inakimbilia 24. Ni siku ya 47. Siku ya 46 ilikuwa robo tu, na mtu aliyesimama ufukweni siku hiyo angesema bado tuna nafasi.

Fumbo lilelile, nguo tofauti

Nilisema awali kitendawili kinahitaji maisha ya pamoja. Ungedhani mantiki haihitaji. Hebu jaribu hili la Peter Wason, la mwaka 1966. Kadi nne ziko mezani. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ugeuze kadi zipi ili ujue kama kanuni ni ya kweli?

Wengi husema A na 4. Jibu ni A na 7. Nyuma ya 4 kukiwa na herufi yoyote kanuni haivunjiki, lakini nyuma ya 7 kukiwa na irabu imevunjika. Katika majaribio ya namna hii wanaopatia ni wachache sana.

Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox wakalivisha nguo nyingine huko Florida, ambako wakati ule sheria ilitaka mnywaji wa pombe awe ametimiza miaka 19. Wewe ni askari, mbele yako kuna watu wanne. Mmoja anakunywa bia, mmoja anakunywa soda, mmoja ana miaka 22, mmoja ana miaka 16. Umkague nani? Hapa hata hufikiri: anayekunywa bia umuulize umri, na mwenye miaka 16 utazame glasi yake. Karibu robo tatu ya wanafunzi walipatia. Ukivilinganisha vipengele kimoja kimoja, ni swali lilelile la kadi. Mwenye miaka 16 ndiye ile 7.

Kwa hiyo hata mantiki kavu ina blanketi lake la babu. Tunafikiri vizuri zaidi pale tunapojua nani anaweza kumdanganya nani. Nimejaribu mwenyewe: fumbo likinishinda kwa herufi, nalihamishia sokoni au kituo cha daladala, na mara kadhaa limejifungua huko.

Yale ya WhatsApp nayapitia haraka, kwa sababu mengi si mafumbo. Ile picha ya matunda inayosema ni wenye fikra adimu tu watakaoweza mara nyingi huwa na hila kama hii: katika mstari wa mwisho kichane cha ndizi kina ndizi tatu badala ya nne. Hicho ni kipimo cha macho. Na lile la mwaka 2019 lililogombanisha watu dunia nzima, 8÷2(2+2), je, ni 16 au ni 1? Ni swali lililoandikwa vibaya. Anayezidisha na kugawanya kwa kufuata mstari kutoka kushoto anapata 16. Anayeona 2 imeshikamana na mabano anapata 1. Weka mabano mengine na ugomvi unakwisha. Hapa mtegaji na mteguaji hawana makubaliano kabisa, na mahali pasipo makubaliano hapana fumbo, pana kelele tu.

Je, yananoa?

Swali ambalo kila mtu huliuliza ni kama mambo haya yanaongeza akili. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la watu 11,430 waliofanya mazoezi ya ubongo kwenye kompyuta kwa wiki sita. Katika michezo waliyoifanyia mazoezi walipanda. Katika mitihani mingine, hata iliyofanana kwa karibu na michezo ile, faida haikuonekana. Anayejaza sudoku kila asubuhi anakuwa hodari wa sudoku. Mimi hilo halinisumbui. Hakuna anayeuliza kama bao linamsaidia mzee kukumbuka alipoweka funguo. Anacheza kwa sababu bao ni tamu.

Kinachonivutia zaidi ni namna jibu linavyofika. Mwaka 1987 Janet Metcalfe na David Wiebe waliwapa watu maswali, na kila sekunde 15 wakawauliza: unajihisi uko karibu na jibu kiasi gani? Kwa maswali ya aljebra, hisia za ukaribu zilipanda taratibu, kama mtu anayepanda mlima na kuona kilele. Kwa mafumbo ya kushtukiza, watu walisema wako mbali, mbali, mbali, kisha jibu likaanguka. Hawakuwa na habari kwamba wako mlangoni. Kwa maneno mengine, katika aina hiyo ya fumbo ile sauti inayosema "hili siliwezi" haijui lolote. Ingesema hivyohivyo hata kama zimebaki sekunde tano.

Na kuliacha fumbo kwa muda kunasaidia. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofanywa na Ut Na Sio na Thomas Ormerod mwaka 2009 yalikuta hivyo: mtu aliyelihangaikia kwanza, kisha akaliweka kando, hurudi na nafasi kubwa zaidi ya kulitatua.

Nikisoma hayo huwa nakumbuka namna vitendawili vinavyokwisha kwetu. Mtegaji hatoi jibu bure. Walioshindwa hudaiwa mji. "Nipe mji," anasema. Wanampa Tanga, anaukataa. Wanampa Bagamoyo, anasema huko joto. Wanampa Mombasa, anaufikiria. Watu wameacha kabisa kukihangaikia kitendawili, wanabishana kuhusu miji. Anaukubali, anajiweka sawa, anaanza kwa madaha: "Nilikwenda Mombasa, nikapokewa vizuri, nikapikiwa pilau, nikalala pazuri..."

Ndipo sauti inatoka kona ya nyuma: "Ngoja! Ngoja usiseme!"